Mashine za ICU zinalia kutwa kucha mpaka masikio yamezizoea. Tatizo hasa ni nini?

Namba 1 | SistaWaZamu

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi ni muuguzi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hapa Dodoma, hospitali siitaji. Jambo hili huwa tunalizungumza wenyewe kwenye chumba cha chai, halafu tunarudi kazini linabaki vilevile. Leo nalileta hapa.

Kitanda kimoja cha ICU kina monita (kioo kinachoonyesha mapigo ya moyo, presha na oksijeni), mashine ya kupumulia, na pampu mbili au tatu za dawa. Kila kifaa kina mlio wake. Sasa zidisha kwa vitanda vyote vya wodi. Alamu nyingi hazina jambo: mgonjwa kajigeuza, waya umelegea, kidole kimechomoka kwenye kifaa cha kupima oksijeni. Unakwenda, unanyamazisha, unageuka, inalia tena. Ikifika saa tisa usiku sauti inapita tu masikioni, mwili haushtuki tena. Na ile alamu moja ya kweli inakuja kwa mlio uleule.

Dai langu ni hili: si uzembe wa wauguzi, na si ubovu wa mashine. Mashine inawashwa na mipaka iliyotoka nayo kiwandani, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuibadilisha iendane na mgonjwa aliyelala pale. Mzee wa watu mapigo yake ya moyo akisinzia ni 47 kwa dakika, ndivyo alivyo siku zote, mkulima mwenye moyo imara. Monita imewekwa ilie chini ya 50. Basi italia kila akisinzia, mpaka siku anatoka wodini.

Wenzangu wa hospitali za General, Mkapa, Mvumi, Itigi, Singida na kwingineko, kwenu mnafanyaje?

Namba 2 | KomredIyumbu

Nimekaa siti ya mbele. Waiteni madaktari.

Namba 3 | BintiWaMakole

Dada, samahani, mimi nitasema nilichokiona. Mwaka jana baba yangu alilazwa ICU, sio lazima niseme wapi. Nimeruhusiwa kuingia, nimekaa naye dakika chache, ile kioo ikageuka nyekundu na kuanza kulia. Sista akaja, akabonyeza kitufe, akaondoka. Hakumgusa baba. Ikalia tena, akabonyeza tena. Mimi nimebaki natetemeka, nadhani baba anakata roho, na hakuna aliyeniambia neno. Kama huo si uzembe, niambieni ni nini.

Namba 4 | NesiManyoni

Pole sana dada yangu wa namba 3. Kwamba hukuambiwa neno, hapo una haki kabisa na hakuna wa kumtetea mtu. Ndugu anatakiwa aelezwe.

Ila kwamba hakumtazama mgonjwa, hapo nina neno. Muuguzi aliyezoea ICU anasoma kioo kabla hajafika kitandani. Kipimo cha oksijeni kina mawimbi yake. Mawimbi yakiwa safi na namba imeshuka, hapo unakimbia. Mawimbi yakiwa yamevurugika kama maandishi ya mtoto wa chekechea, namba hiyo haina maana, ni kidole kimecheza. Kwa hiyo inawezekana sista alijua ndani ya sekunde moja. Tatizo ni kwamba baada ya kujua alinyamazisha tu, hakurekebisha kile kifaa kidoleni. Ndiyo maana ikalia tena.

Na kwa nini hakurekebisha? Mleta uzi kakwepa jambo: idadi ya watu. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anatakiwa awe na muuguzi wake mmoja, ikizidi sana muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili. Usiku kwetu hesabu hiyo hatuijui. Ukiwa na wanne, unabonyeza na kukimbilia kwingine. Wekeni watu, kelele itapungua yenyewe.

Zile trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa 2021 zilileta majengo ya ICU na ya dharura mikoani, na tunashukuru kwa moyo wote. Lakini jengo linasimama kwa mwaka mmoja. Muuguzi wa ICU hapatikani kwa mwaka mmoja.

Namba 5 | FundiVifaaTiba

Wakuu, mimi ni fundi wa vifaa tiba kanda hii ya kati, niseme upande wa mashine.

Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 60601-1-8, kinachosema alamu zipangwe kwa uzito. Ya hatari kubwa: taa nyekundu inayowaka na kuzima, mlio wa mapigo kumi, matano halafu matano. Ya kati: njano, mapigo matatu. Ya chini: pigo moja au mawili tu. Ukiijua hesabu hiyo unaweza kutambua uzito wa alamu ukiwa umefumba macho.

Shida ni kwamba ICU moja ina monita ya kampuni hii, pampu za kampuni ile, mashine ya kupumulia ya msaada ambayo ni ya zamani kuliko kiwango chenyewe. Hapo lugha ya milio inavurugika. Nimewahi kuingia wodi moja, pampu ya dawa kuisha ilikuwa inapiga kelele kali kuliko monita ya mgonjwa aliyesimama moyo. Huwezi kumlaumu nesi hapo.

Halafu betri. Umeme ukikatika, kabla jenereta haijashika, kila kifaa kinatangaza kwa wakati mmoja kwamba kimehamia kwenye betri. Vifaa vyenye betri zilizochoka havinyamazi hata umeme ukirudi. Betri hizo hakuna anayeziwekea bajeti. Kwangu mimi, anzeni hapo.

Namba 6 | Kibajaji255

Hata Ulaya na Marekani imewashinda. Nimesoma kuwa hospitali moja Marekani wauguzi walisikia alamu milioni mbili na nusu kwa mwezi mmoja. Sisi ni nani?

Namba 7 | DkTaratibu

Mkuu Kibajaji255, takwimu unayoitaja naijua, ila tuiweke sawa. Ni utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliochapishwa 2014. ICU 5 za watu wazima, siku 31, alamu 2,558,760. Lakini hizo ni zote ambazo mashine zilirekodi, pamoja na zilizotokea kama maandishi tu kwenye kioo. Zilizopiga kelele ni 381,560. Wenyewe waliandika ni wastani wa 187 kwa kitanda kimoja kwa siku.

Kilichonishtua mimi si wingi huo. Walichukua alamu 12,671 za mapigo ya moyo kwenda kombo, wakazipitia moja baada ya nyingine. Asilimia 88.8 zilikuwa za uongo.

Na madhara si ya kufikirika. Aprili 2013 Joint Commission, chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali Marekani, kilitoa tahadhari: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilipokea taarifa za matukio 98 yanayohusu alamu, na 80 kati ya hayo mgonjwa alifariki. Hizo ni taarifa za hiari, kwa hiyo hesabu yenyewe lazima ni kubwa kuliko hiyo.

Namba 8 | Kibajaji255

Sawa daktari, namba nimezipokea. Hoja yangu iko palepale: wenye pesa imewashinda.

Namba 9 | SistaWaZamu

Haijawashinda wote, Kibajaji. Kuna wodi Boston Medical Center walipunguza alamu za sauti kwa asilimia 89 bila kununua kifaa hata kimoja. Walikaa chini wakauliza kila alamu: hii ikilia, kuna mtu anatakiwa kufanya jambo? Kama hakuna, kwa nini inalia? Wakabadilisha mipaka, na wauguzi wakapewa mamlaka ya kuirekebisha kulingana na mgonjwa. Ndicho ninachokililia tangu bandiko la kwanza.

Namba 10 | DkTaratibu

Ni kweli, ila sista, ile ilikuwa wodi ya wagonjwa wa moyo wanaofuatiliwa kwa monita. Haikuwa ICU. Mgonjwa wa pale anakula ugali wake na kwenda msalani. Wa kwetu yuko kwenye dawa za kupandisha presha. Usichukue asilimia 89 ukaiahidi ICU.

Namba 11 | MzeeWaKikuyu

Wanangu, nilikuwa mganga msaidizi enzi hizo. Monita hatukuwa nazo. Tulikuwa na saa ya mkononi, kipimo cha presha, na mkono. Unaweka kiganja kifuani kwa mgonjwa, unahesabu pumzi, unatazama ncha za vidole na midomo. Kila nusu saa unazunguka. Nikija kumwona mgonjwa siku hizi naona vijana wanatazama kioo, mgonjwa mwenyewe hawamtazami. Nyinyi mnasema masikio yamechoka, mimi nasema macho yamehama.

Namba 12 | NesiManyoni

Shikamoo mzee. La kumgusa mgonjwa naliunga mkono mia kwa mia na wanafunzi nawaambia kila siku. Ila wale waliokuwa wanafariki kimyakimya kati ya mzunguko na mzunguko, mzee wangu, nani aliwahesabu?

Namba 13 | MzeeWaKikuyu

Marahaba. Hakuna aliyewahesabu, hilo nakupa.

Namba 14 | KomredIyumbu

Kumbe ni kama honi za bodaboda pale Sabasaba. Kila mtu anapiga, hakuna anayegeuka, siku lori linakuja kweli unasagwa.

Namba 15 | Kibajaji255

Komredi usitutafute waendesha vyombo. Nyie wa Iyumbu mnatembea katikati ya lami na simu masikioni, tusipopiga honi tufanyeje?

Namba 16 | KomredIyumbu

Lami yenyewe tumeiona juzi, acha tuifaidi.

Namba 17 | NesiSingida

Turudi kwenye mada jamani.

Wote mmesahau vitu vidogo, na mimi naamini nusu ya kelele iko humo. Stika za kifuani, zile zinazopeleka mapigo ya moyo kwenye monita. Kanda yetu ni kavu, ngozi ya mgonjwa inapauka, vumbi ndilo hilo. Jeli ya stika inakauka, mguso unapotea, monita inaona mikwaruzo na kudhani moyo umechanganyikiwa. Hospitali ya Johns Hopkins walijaribu jambo moja tu: kubadilisha stika kila siku. Alamu kwa kitanda zikashuka kwa wastani wa asilimia 46 katika wodi mbili walizojaribu. Hakuna programu, hakuna fundi, hakuna kikao.

Ninavyofanya mimi: naosha sehemu kwa maji na sabuni, nakausha kwa kufikicha kidogo na kitambaa mpaka ngozi iamke, nywele zikiwa nyingi napunguza, ndipo nabandika. Si spiriti. Spiriti inazidi kukausha ngozi.

Jingine, kafu ya presha (kile kitambaa kinachovimba mkononi) na kifaa cha kupima oksijeni msiviweke mkono mmoja. Kafu ikivimba inabana damu, kidole kinakosa mapigo, alamu inalia. Kila dakika kumi na tano, usiku kucha! Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja, na hakuna anayejiuliza kwa nini kitanda kile kinalia kwa ratiba kama saa.

Jingine, piko. Mama katoka harusini, kaja na vidole vyeusi tii. Kifaa kinapitisha mwanga kwenye kidole, piko inauzuia. Hamishia kwenye ndewe ya sikio, kama kifaa cha sikio kipo, au tafuta kidole cha mguu ambacho hakikupakwa.

Na Julai. Baridi ya usiku ya Julai kanda hii mnaijua. Vidole vikiwa baridi damu haifiki, namba zinaruka. Mfunike mikono mgonjwa.

Namba 18 | FundiVifaaTiba

Namba 17 kamaliza. Naongeza: stika pakiti ikishafunguliwa usiiache mezani wiki nzima. Hapa Dodoma inakauka kabla haijamgusa mgonjwa.

Namba 19 | NesiManyoni

Ushauri mzuri dada, ila ubadilishe kila siku kwa stika zipi? Kuna sehemu stika inabandikwa mpaka inashikiliwa na plasta. Na hiyo kuosha, kukausha, kubandika stika tano kwa kila mgonjwa, unarudi palepale kwenye idadi ya mikono.

Namba 20 | NesiSingida

Dakika ninazotumia kubandika asubuhi ni chache kuliko nitakazotumia kwenda na kurudi usiku kunyamazisha. Jaribu kitanda kimoja kwanza.

Namba 21 | MwanaMipango

Mimi si wa afya. Ila Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi. Huenda mashine zimewekwa kwa watu wa pwani, ndiyo maana oksijeni ya watu wa huku inaonekana ndogo na alamu zinalia?

Namba 22 | DkTaratibu

Swali zuri mkuu, lakini hapana. Kwa mita 1,100 mtu mwenye mapafu mazima oksijeni yake bado inasoma asilimia 95 na kuendelea. Tofauti na pwani ni ndogo mno. Ungekuwa La Paz, mita zaidi ya 3,600, tungezungumza.

Ila umenifikisha kwenye jambo nililotaka kusema. Wengi wanapendekeza kushusha mpaka wa alamu ya oksijeni kutoka 90 hadi 88, na kuichelewesha. Kuchelewesha nakubali. Kuna utafiti wa 2009 ulioonyesha kuwa alamu ikisubiri sekunde 14 kabla ya kulia, nusu ya zile zisizo na kazi au zinazopuuzwa zinaondoka. Sekunde 19, zinaondoka asilimia 67. Kidole kinacheza, kinatulia, hakuna aliyesumbuliwa. Lakini kushusha hadi 88, kwetu hapa, mimi nasita sana.

Sababu ni rangi ya ngozi. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha ulinganisho wa kipimo cha kidoleni na kipimo cha damu yenyewe. Walichukua vipimo ambavyo kifaa kilisoma 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo damu ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, asilimia 3.6. Yaani kifaa kinamwona mtu mweusi ana hali nzuri kuliko alivyo. Sasa ukimshushia mpaka hadi 88, kwenye damu unaweza kuwa umefika wapi? Mapendekezo mengi ya kupunguza kelele yamepimwa kwa wagonjwa ambao wengi wao si kama wetu. Tusiyabebe mzima mzima.

Namba 23 | SistaWaZamu

Daktari, hili la namba 22 ni zito na nakuunga mkono. Ila ona: hilo nalo ni hoja ya mpaka wa kila mgonjwa. Mwenye mapafu yaliyochakaa kwa miaka, ambaye 89 ndiyo kawaida yake, wa kwake uwe huo baada ya kupima gesi za damu. Kijana wa ajali ya bodaboda asiguswe. Ninachopinga ni mpaka mmoja kwa wote.

Na uamuzi ufanyike wakati wa kukabidhiana zamu. Anayetoka na anayeingia wasimame kitandani, wasome mipaka kwa sauti, waiandike kwenye chati kama wanavyoandika dozi. Sasa hivi tunakabidhiana dawa, mirija na vidonda. Mipaka ya alamu haimo kwenye ripoti kabisa.

Namba 24 | DkTaratibu

Wasome na waandike, sawa. Wabadilishe wenyewe bila daktari, hapo tutagombana. Nimeona mtu aliyechoka akipanua mipaka mpaka mashine ikawa haiwezi kulia hata mgonjwa akikata roho.

Namba 25 | SistaWaZamu

Na daktari saa tisa usiku yuko theatre au amelala nyumbani kwake Kisasa. Nani abadilishe?

Namba 26 | NesiSingida

Nakazia namba 25. Wauguzi wawili wakubaliane, watie saini wote wawili, daktari aipitie asubuhi. Kusiwe na mtu mmoja peke yake.

Namba 27 | FundiVifaaTiba

Kuna kikwazo hamkukitaja. Ukibadilisha kwa mgonjwa huyu, monita nyingi ukizima au ukimwondoa mgonjwa kwenye mfumo zinarudi kwenye mipaka ya mwanzo. Kuibadilisha ile ya mwanzo kunahitaji namba ya siri, na namba hiyo mara nyingi aliondoka nayo aliyekuja kufunga mashine. Kuna hospitali nimeenda kwa kazi hiyo tu, mwongozo wa mashine hawana, na uliopatikana ni wa Kichina. Kwa hiyo kabla ya kugombania nani abadilishe, ulizeni kwanza kama inabadilishika.

Namba 28 | BintiWaMakole

Nimesoma yote, asanteni. Baba alipona, yuko Chamwino na shamba lake la zabibu. Bado sijakubali kuwa yule sista alifanya sawa. Ila nina swali: ndugu akikaa pale na mashine ikalia, afanye nini? Maana wengine wananyamazisha wenyewe, nimeona.

Namba 29 | NesiManyoni

Tumshukuru Mungu kwa mzee. Usibonyeze chochote, hata kama umeona sista akibonyeza mara kumi. Mtazame mgonjwa: kifua kinapanda na kushuka? Rangi ya midomo imebadilika? Anakuitikia? Kisha mwite muuguzi kwa sauti ya kawaida na umwambie ulichokiona kwa mgonjwa. "Mashine inalia" ameshaisikia. "Baba midomo imekuwa ya bluu" itamfanya aache kila kitu aje.

Namba 30 | MzeeWaKikuyu

Hapo sasa.

Namba 31 | MuuguziWaNjiti

Nimechelewa kufika. Watoto njiti mmewasahau. Kwao oksijeni ikizidi nayo ni hatari, inaharibu macho, kwa hiyo mtoto aliye kwenye oksijeni tunahitaji alamu ya juu na ya chini, mara nyingi tunashika kati ya 90 na 95. Mtoto wa kilo moja anapanda na kushuka humo kila akivuta pumzi vibaya. Hizo sekunde 19 za daktari kwangu ni nyingi. Kuna anayetumia ucheleweshaji kwa njiti? Mmeweka sekunde ngapi?

Namba 32 | DkTaratibu

Sekunde nilizotaja zilitoka ICU ya watu wazima, usizipeleke kwa njiti. Nitamuuliza bingwa wa watoto nikuletee jibu.

Namba 33 | SistaWaZamu

NesiSingida, fomu hiyo ya saini mbili mnayo tayari au ni wazo? Kama mnayo, ipige picha uniwekee hapa, bila jina la hospitali wala la mgonjwa. Jumatatu nina kikao na mfawidhi, na FundiVifaaTiba, nitakutafuta pembeni kuhusu namba ya siri.